M106: Galaksi inayotumika kama rula ya kupimia ulimwengu

Tunaposema kwamba galaksi fulani iko umbali wa mamilioni ya miaka ya nuru, msomaji ana haki ya kuuliza: nani alikwenda kupima? Hakuna aliyekwenda. Hata hivyo, iko galaksi moja ambayo umbali wake umepimwa kwa njia iliyo wazi kiasi kwamba wanaastronomia wengi wameifanya rula ya kupimia galaksi nyingine. Jina lake ni M106. Katika makala haya tunaeleza M106 ni nini, umbali wake ulipimwa vipi, na kwa nini kipimo hicho kinahusika katika mabishano makubwa ya leo kuhusu kasi ya kutanuka kwa ulimwengu na umri wake.

M106 ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, vyote vikishikwa pamoja na nguvu ya uvutano. M106 ni galaksi ya aina ya spirali: imelala bapa kama sahani, na kutoka katikati yake hutoka mikono iliyojiviringa kama mistari ya gamba la konokono. Galaksi yetu wenyewe, Njia Nyeupe, ambamo Jua na Dunia vimo, ni ya aina hiyohiyo.

M106 iligunduliwa mwezi Julai 1781 na Mfaransa Pierre Méchain, aliyekuwa akifanya kazi bega kwa bega na Charles Messier. Messier alikuwa mwindaji wa nyotamkia. Ili asidanganywe na madoa ya ukungu yasiyohama mahali pake, aliyaandika katika orodha, na herufi M tunayoitumia mpaka leo inatokana na jina lake. M106 haikuwamo katika orodha aliyoichapisha. Iliongezwa mwaka 1947 na Helen Sawyer Hogg, mwanaastronomia aliyefanya kazi Kanada. Katika orodha nyingine inayotumiwa sana na wataalamu, galaksi hii huitwa NGC 4258.

Umbali wake kutoka kwetu ni takriban miaka ya nuru milioni 24.7. Mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru, inayokwenda kilomita 300,000 kila sekunde, hupita kwa mwaka mzima: karibu kilomita trilioni 9.5. Kwa hiyo nuru ya M106 inayofika leo iliondoka huko miaka milioni 24.7 iliyopita. Kupata picha ya muda huo, tukumbuke mabaki yaliyochimbuliwa katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, na kutangazwa mwaka 2013. Ni ya viumbe wawili, Rukwapithecus, wa upande wa sokwe, na Nsungwepithecus, wa upande wa nyani na tumbili, walioishi miaka milioni 25.2 iliyopita. Nuru hiyo iliondoka M106 muda si mrefu, kwa hesabu za kijiolojia, baada ya viumbe hao kuishi Rukwa. Binadamu alikuwa bado hajatokea.

Mikono miwili isiyo ya kawaida

Katika picha za kawaida M106 ina mikono ya nyota kama galaksi nyingine za spirali. Lakini mwaka 1961 watafiti wa Ufaransa waligundua mikono mingine miwili isiyolingana na ile ya kwanza. Baadaye darubini za redio, na kisha darubini za angani zinazopokea mionzi ya eksrei, ziliionesha vizuri zaidi. Mikono hiyo haikufanywa na nyota. Ni gesi iliyopashwa joto la mamilioni ya nyuzi.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba katikati ya M106 kuna shimo jeusi kubwa linalomeza gesi. Sehemu ya nguvu inayotokana na ulaji huo hutoka kwa michirizi miwili yenye kasi kubwa, inayoelekea pande mbili tofauti. Michirizi hiyo huigonga gesi ya galaksi, huipasha moto na kuisukuma nje. Hesabu zilizotolewa mwaka 2014 zilionesha kwamba sehemu kubwa ya gesi ya maeneo ya kati imekwisha kutolewa, na kwamba iliyobaki huenda ikaisha ndani ya miaka milioni 300, isipokuwa gesi mpya iingie.

Hili si jambo dogo, kwa sababu nyota huzaliwa kutokana na gesi baridi. Galaksi ikipoteza gesi yake, uzazi wa nyota hupungua. Kutokana na M106 na galaksi nyingine zinazofanana nayo, wanaastronomia wamejifunza kwamba shimo jeusi, ingawa ni dogo sana likilinganishwa na galaksi nzima, linaweza kuamua maisha ya galaksi hiyo yatakavyokuwa.

Maji yanayotangaza kwa redio

Umaarufu mkubwa wa M106, hata hivyo, umetokana na maji. Katika mawingu ya gesi yanayolizunguka shimo lake jeusi kuna molekuli za maji katika hali ya mvuke. Zikipata nishati ya kutosha, molekuli hizo hukuza mawimbi ya redio ya masafa maalumu, kila wimbi likiamsha jingine linalofanana nalo. Mwale wa aina hii huitwa meiza. Ni ndugu wa leza, ila leza ni ya nuru na meiza ni ya mawimbi mafupi ya redio.

Msikilizaji anayetupata kwa FM hupokea mawimbi ya kati ya megahezi 88 na 108. Meiza ya maji hutoka kwenye megahezi 22,235. Jambo muhimu ni kwamba masafa haya huwekwa na maumbile ya molekuli yenyewe. Maji ya M106 hutoa masafa yaleyale yanayotolewa na maji ya hapa duniani yakipimwa maabara. Kwa hiyo mawimbi yakifika kwetu yakiwa na masafa tofauti kidogo, tunajua kwamba chanzo chake kinasogea.

Kanuni hii tunaisikia kila siku barabarani. Gari la wagonjwa likija upande wako, king'ora chake husikika chembamba, na likishakupita na kwenda zake, sauti huwa nzito. Mawimbi ya redio nayo ni hivyohivyo: chanzo kikija kwetu masafa hupanda, kikienda masafa hushuka. Kiasi cha mabadiliko hutupa kasi.

Meiza za maji katika M106 ziliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984. Mshangao ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watafiti wa kituo cha Nobeyama nchini Japani, wakitumia darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 45 na kipokezi chenye uwezo wa kusikiliza masafa mapana, walipata mawimbi ya maji mahali ambapo hakuna aliyekuwa amewahi kuyatafuta. Baadhi ya mawingu yalikuwa yakija upande wetu kwa takriban kilomita 1,000 kila sekunde kuliko galaksi yenyewe, na mengine yakienda kwa kasi kama hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993, na swali likabaki: ni kitu gani kinachoweza kuyazungusha mawingu kwa kasi hiyo?

Shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 40

Jibu lilipatikana kwa kutumia mtandao wa darubini kumi za redio za Marekani, unaojulikana kama VLBA. Antena zake zimetawanywa kutoka Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, hadi visiwa vya Virgin, katika Karibi. Zikielekezwa mahali pamoja, hufanya kazi kama darubini moja yenye upana wa kilomita 8,000 hivi.

Matokeo yalitoka mwezi Januari 1995. Mawingu ya maji yamepangika katika duara jembamba, ambalo ukingo wake wa ndani uko karibu nusu mwaka wa nuru kutoka katikati. Yaliyo karibu na katikati huenda mbio zaidi, yaliyo mbali huenda polepole, na tofauti hiyo inafuata kanuni ileile ya sayari zinazolizunguka Jua: Zebaki, iliyo karibu, huenda mbio kuliko Neptuni, iliyo mbali. Kanuni hii hutokea pale tu ambapo karibu uzito wote umekaa katikati, wala haukutawanyika.

Kwa kuwa kasi na ukubwa wa mzunguko vinajulikana, uzito wa kinachovuta hupatikana kwa hesabu. Katika M106 ni karibu sawa na majua milioni 40. Lau uzito huo ungekuwa wa kundi la nyota zilizobanana mahali padogo namna hiyo, nyota hizo zingegongana au kutawanyika, na kundi lisingedumu. Kilichobaki ni shimo jeusi. Wakati ule, miaka mingi kabla ya picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi kutolewa mwaka 2019, M106 ilikuwa miongoni mwa ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba mashimo makubwa meusi yapo kweli. Lile la katikati ya Njia Nyeupe lina uzito wa majua milioni nne hivi, yaani sehemu moja ya kumi tu ya lile la M106.

Umbali ulipimwa vipi?

Chukua mfano wa pikipiki inayopita usiku kwenye barabara ya mbali, nawe unaona taa yake tu. Ikiwa karibu, taa itapita mbele ya macho yako upesi. Ikiwa mbali, itaonekana kama inatambaa. Ukijua kwa hakika kwamba pikipiki inakwenda kilomita 60 kwa saa, unaweza kupima jinsi taa inavyosogea machoni pako, kisha ukakokotoa umbali wake bila kuondoka ulipokaa.

Ndivyo ilivyofanywa kwa M106. Mawingu yaliyo pembeni mwa duara, yale yanayokuja na yanayokwenda, hutupa kasi halisi ya mzunguko. Mawingu yaliyo mbele ya shimo jeusi, kwa upande wetu, hukatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na VLBA imeweza kuona yakihama mwaka hadi mwaka. Kuhama huko ni kudogo mno. Kwa mwaka mmoja ni sawa na upana usiofika sentimita 6 juu ya uso wa Mwezi, ukitazamwa kutoka duniani. Wakati huohuo kasi ya mawingu hayo ya mbele kuja au kwenda hubadilika kwa takriban kilomita 9 kwa sekunde kila mwaka, kwa kuwa yanapinda yakifuata duara. Hii ni njia ya pili inayosaidia kuihakiki ile ya kwanza.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalitoa umbali wa miaka ya nuru milioni 23.5, kukiwa na uwezekano wa kukosea kwa asilimia 7 hivi. Mwaka 2013 uwezekano huo ulishuka hadi asilimia 3. Mwaka 2019 Mark Reid, Dominic Pesce na Adam Riess walitoa kipimo cha miaka ya nuru milioni 24.7, chenye shaka ya takriban asilimia 1.5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinategemea jiometri na kanuni za mwendo. Hakihitaji mtu kukisia kwanza nyota fulani ina mwangaza kiasi gani.

Kutoka M106 hadi galaksi za mbali

Umbali wa galaksi moja una faida gani? Faida yake ni kwamba kupima ulimwengu ni kama kupanda ngazi, na kidato cha chini kikilegea, vya juu vyote hutikisika.

Mwaka 1912 mwanaastronomia wa Marekani Henrietta Leavitt alionesha kwamba nyota za aina ya sefeidi, ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa zamu, zina tabia ya pekee: zinazochukua muda mrefu kumaliza zamu moja ni zile zenye mwangaza mkubwa zaidi. Ukipima muda wa zamu, utajua mwangaza halisi wa nyota. Ukilinganisha na mwangaza unaofika kwako, utapata umbali. Kwa njia hii Edwin Hubble alithibitisha katika miaka ya 1920 kwamba kuna galaksi nyingine nje ya yetu, na mwaka 1929 akaonesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kutukimbia. Ulimwengu unatanuka.

Lakini vipimo vyake vya umbali vilikuwa vifupi mno. Vilitoa kasi ya kutanuka ya karibu 500 katika kizio ambacho tutakieleza hapa chini, na kasi hiyo ilimaanisha kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 2 hivi. Miamba ya Dunia yenyewe ilikuwa ikionekana kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Mtoto hawezi kumzidi mama umri. Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza kwamba kuna aina mbili za sefeidi zilizokuwa zikichanganywa, na umbali wa galaksi ukaongezeka karibu maradufu kwa mara moja. Fundisho likabaki: ukikosea kidato cha chini, utakosea hata umri wa ulimwengu.

Hapo ndipo M106 inapokuwa na thamani. Umbali wake unajulikana kwa njia ya meiza, na ndani yake zimo sefeidi nyingi zinazoonekana kwa darubini ya angani ya Hubble. Kwa hiyo sefeidi zinaweza kurekebishwa humo, kama mizani inavyohakikiwa kwa jiwe lenye uzito unaojulikana. Sefeidi zilizorekebishwa hutumika kupima galaksi zilizo mbali zaidi, ambamo imewahi kuonekana milipuko ya nyota iitwayo supanova ya aina ya Ia. Milipuko hiyo nayo, kwa kuwa mwangaza wake unakaribiana, hutupeleka mbali zaidi, mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tusipime tu kasi ya M106 yenyewe, tukaigawa kwa umbali wake. Haifai, kwa sababu galaksi za jirani huvutana, na mwendo unaotokana na mvutano huo huchanganyika na ule wa kutanuka kwa ulimwengu. Inatupasa kwenda mbali, mahali ambapo mwendo wa kutanuka ni mkubwa kiasi cha kuufunika huo mwingine.

Mabishano ya 67 na 73

Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu huelezwa kwa namba iitwayo kigezo cha Hubble. Namba hiyo inasema kasi ya galaksi huongezeka kwa kilomita ngapi kwa sekunde katika kila megaparseki moja ya umbali, yaani kila miaka ya nuru milioni 3.26. Kwa miaka mingi wataalamu waligawanyika kati ya wanaosema 50 na wanaosema 100. Leo pengo ni dogo zaidi, lakini halijafungwa.

Upande mmoja ni timu ya Adam Riess. Mwaka 2022 timu hiyo ilitumia sefeidi na supanova katika galaksi 37, huku M106 ikiwa moja ya nguzo zake tatu. Nyingine mbili ni Wingu Kubwa la Magellan na Njia Nyeupe. Walipata 73. Upande wa pili ni chombo cha Ulaya kiitwacho Planck, kilichopima mabaki ya mionzi ya zama za mwanzo za ulimwengu. Ukichukua hali ya wakati ule na kuipeleka mbele hadi leo kwa kufuata nadharia inayokubalika, unapata 67.4. Kila upande unasema shaka yake haizidi asilimia moja na nusu, kwa hiyo ni vigumu kusema tofauti hii imetokea kwa bahati tu.

Kinachobishaniwa ni kizito. Kwa hesabu za Planck ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Namba 73, ikiingizwa katika nadharia hiyohiyo, ingeupunguzia umri kwa takriban miaka bilioni moja. Na ikiwa pande zote mbili zimepima vizuri, basi nadharia yenyewe ina upungufu: kuna jambo kuhusu maada, nishati au uvutano ambalo hatujalijua.

Ndiyo maana M106 imerudiwa tena na tena. Baadhi ya wanasayansi walihofu kwamba nyota za jirani zilikuwa zikichanganyika na sefeidi katika picha za Hubble na kuzifanya zionekane ang'avu kuliko zilivyo. Mwaka 2023 darubini ya James Webb, yenye macho makali zaidi, ilizitazama sefeidi za M106 na za galaksi nyingine, NGC 5584. Matokeo yake yaliafikiana na ya Hubble. Lakini mwaka 2024 timu ya Wendy Freedman, ikitumia Webb na aina tatu za nyota, huku M106 ikiwa nguzo yake, ilipata wastani wa karibu 70, na ikaona kwamba huenda pengo si kubwa kama inavyodhaniwa. Njia nyingine ni kuyatafuta maji yenyewe katika galaksi za mbali zaidi. Mwaka 2020 watafiti walitumia meiza za galaksi sita, M106 ikiwamo, bila kupitia sefeidi wala supanova, wakapata 73.9. Shaka ya kipimo hicho ilikuwa 3, hivyo hakikutosha kukata shauri.

Je, unaweza kuiona?

Kwa macho matupu, hapana. Kwa darubini ndogo, na mahali penye giza mbali na taa za mji, inawezekana hata kwa aliyeko Afrika Mashariki. Wakati mzuri ni mwezi Mei, mnamo saa tatu usiku. Tazama upande wa kaskazini na utafute nyota saba ang'avu za Dubu Mkubwa, ambazo kwetu huonekana zimepinduka. M106 iko karibu nazo, upande wa Mbwa Wawindaji. Ukiwa Nairobi hupanda hadi nyuzi 41 hivi juu ya upeo wa macho, na ukiwa Dar es Salaam nyuzi 36. Usitarajie rangi za picha za magazeti. Utaona doa la kijivu, refu kidogo, linalofanana na ukungu.

Méchain naye mwaka 1781 hakuona zaidi ya hapo. Yaliyobaki, kuanzia mawingu ya maji na shimo jeusi hadi hesabu za umri wa ulimwengu, yamepatikana kwa kulipima doa hilo kwa subira, na kipimo bado kinaendelea kurudiwa.